Mtihani wa Ngozi wa Shangazi Kokushubila

Majirani wa Nyanga ndio waliokuwa wa kwanza kujua kwamba shangazi yangu Kokushubila ana mwanamume ndani ya nyumba. Walimsikia. Kila jioni, mbuzi akisha kufungwa na mlango ukisha kurudishwa, sauti nzito ilitoka dirishani ikiuliza jambo, kisha sauti ya shangazi ikajibu kwa adabu. Sauti nzito ikauliza tena. Hapakuwa na kicheko wala ugomvi, na asubuhi hakuna aliyeonekana akitoka.

"Shangazi yako amepata bwana," aliniambia Ma Joviana, jirani wa upande wa chini, siku niliyopita hapo nikitoka shuleni Kashozi kwenda likizo kwetu Izigo. "Ila bwana mwenyewe ni wa maswali tu. Hata kula hatumsikii akila."

Njia ya kwenda kwetu ni ndefu, na siku zote hulala kwa shangazi siku mbili tatu kabla ya kuendelea. Basi niliingia nikiwa na hamu kubwa ya kumwona bwana huyo, nikamwona. Alikuwa shangazi mwenyewe. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha pekee, kidevu amekikaza shingoni, anasema kwa sauti ya pipa tupu: "Mtahiniwa, ngozi ya binadamu ina kazi gani?" Halafu akainuka, akahamia kwenye kigoda, akakunja mikono mapajani, akakiangalia kile kiti kitupu kwa heshima. "Ngozi ya binadamu, bwana, huzuia uchafu usiingie mwilini, hutoa jasho, na hutujulisha moto na baridi." Akarudi kitini, akafikiri kidogo, akasema, "Vyema."

Nilimwuliza kwa nini hakujipa vyema haraka, maana jibu lilikuwa sahihi. Akasema bwana yule ni mkali.

Ilikuwa mwaka uliofuata kutawazwa kwa Malkia, na vikombe vyenye picha yake tulivyopewa shuleni vilikuwa bado havijavunjika vyote. Ofisi ya afya ya mjini ilikuwa imetangaza kwamba kila anayeshika ngozi ya watu kwa malipo, awe kinyozi, mtoa funza, mkandaji wa maharusi au mwosha nyuso, lazima atahiniwe katika utunzaji wa ngozi na usafi. Atakayefaulu atapewa leseni. Atakayeshindwa ataweka chini wembe wake au karai lake. Kwa shangazi, kuweka karai chini kulikuwa na maana moja tu: kuondoka katika chumba alichopanga Nyanga na kurudi Izigo, kwenye kibanja cha kaka yake, yaani baba yangu Protase. Huko kila mtu alikuwa na mahali pake pa kukaa jikoni isipokuwa yeye. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Ni kwamba akija, watu hujibana, na nafasi inayopatikana ni ya mgeni.

Kisa ni Kampala. Shangazi aliolewa akiwa msichana, hakupata mtoto, akarudishwa nyumbani. Baada ya muda akapanda meli kwenda Uganda, akakaa huko miaka mingi. Kwetu, mwanamke akisemwa "alikuwa Kampala," wanaosema hupunguza sauti, na hawaongezi neno. Mimi sikuelewa mpaka msichana mmoja bwenini aliponieleza kwa kunong'ona kwamba maana yake ni kuuza mwili, akionekana kufurahia sana kunieleza. Basi likizo iliyofuata nikamwuliza shangazi mwenyewe alifanya kazi gani. Hakukasirika. Alisema alifanya kazi kwa mama mmoja wa Kigoa aliyekuwa na duka la kupamba nyuso za wanawake. Alianza kwa kuchemsha taulo, akaja kujua kufukiza uso kwa mvuke, kutoa vipele vyeusi puani bila kuacha kovu, kulainisha visigino. Alinieleza mambo hayo kwa muda mrefu, na mimi nikashangaa kwamba kitu nilichokivaa tangu kuzaliwa kina matabaka, na kwamba tabaka la juu kabisa limekufa. Sisi sote tumevaa kitu kilichokufa! Nilijigusa shavu mara nyingi siku ile.

Sijui kama watu wa Izigo wangemwamini. Hakuna aliyemwuliza.

Wateja alikuwa nao. Wake wa makarani walikuja na chunusi zao, wasichana wa kuolewa waliletwa kusuguliwa kwa samli, na watu wa rika zote walikuja na funza. Lakini walikuja kwa kupitia nyuma, katikati ya migomba, na wakisha kuhudumiwa walishukuru wakiwa wamesimama. Shangazi kila mara aliandaa chai. Kila mara walimwambia kwamba siku nyingine wataketi. Chai ile nimeiona ikipoa mara nyingi, ikipata utando juu, na shangazi akiirudisha sufuriani.

Kujiandaa kwake, basi, kulikuwa kwa mtu asiye na mwenzake. Maswali alijiuliza mwenyewe. Kazi ya mikono aliifanya kwenye mgomba ulio karibu na dirisha. Aliuosha mgomba ule kwa sabuni ya kaboliki kama anavyoosha uso, kutoka chini kwenda juu, polepole, akiuambia ufumbe macho. Alichemsha kibano na pini zake mpaka maji yakauke, akaanza upya. Aliosha mikono mpaka viwiko, akaiinua juu ikauke kwa hewa, akasimama hivyo katikati ya chumba kama padri altareni.

"Ukisha kuosha," aliniambia, "mikono si yako tena. Ni ya yule aliyeketi mbele yako. Hujikuni, huondoi nywele usoni, huweki kitu mdomoni, humpi mtu mkono. Hata nyumba ikiwaka."

"Nyumba ikiwaka utakimbia, shangazi."

"Nitakimbia nimeinua mikono."

Kikwazo kilikuwa kimoja. Sehemu ya pili ya mtihani ilitaka mtu hai. Kila mtahiniwa aje na mtu mzima wa kufanyiwa kazi yake, kwa shangazi kuosha uso na miguu, mbele ya mtahini. Nilijitolea mara moja, lakini sharti lilisema mtu mzima, na mimi nilikuwa bado mwanafunzi. Shangazi alimwomba Ma Joviana, naye akasema magoti yake hayapendi kwenda mjini. Alimwomba mke wa karani wa posta, ambaye shangazi alikuwa amemwondolea chunusi zote hadi akaonekana kama amezaliwa juzi, naye akasema mumewe hapendi. Aliwaomba wengine, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri. Siku niliyoondoka kwenda Izigo, alikuwa ameacha kuomba. Alikuwa anajiuliza maswali tu, na sauti ya bwana yule ilikuwa imepungua unene.

Hakunituma nikaseme neno nyumbani. Nilisema mwenyewe, jioni ya kwanza, tukiwa jikoni. Baba aliangalia moto. Mama alisema kwamba mjini siku hizi kila kitu kina leseni, kesho watatoza leseni ya kupiga chafya. Bibi yangu Kokuberwa, aliyemzaa baba na shangazi, alikuwa anamenya ndizi, akaendelea kumenya. Tangu shangazi atoke Kampala, Bibi hakuwahi kukanyaga Nyanga, na jina la shangazi alilitaja kanisani tu, kwenye maombi, katikati ya majina ya marehemu.

Ndizi zilipokwisha, Bibi alifuta kisu.

"Anataka uso au miguu?" aliuliza.

"Vyote viwili, Bibi."

"Miguu yangu imepasuka," alisema, kama mtu anayeeleza kwamba mbuzi wake si wa kuuzwa.

Hatukuzungumza tena habari hiyo likizo nzima. Lakini asubuhi ya mtihani nilipojiandaa kurudi shuleni, nilimkuta Bibi barabarani amekwisha kusimama, amevaa shuka lake jeupe la kanisani, ameshika fimbo. Kahawa ilikuwa na bei nzuri miaka ile na malori yalikuwa mengi. Ta Mwijage, dereva wa lori moja, alimketisha Bibi mbele pamoja nami, magunia nyuma, akajaribu kumtania kwamba leo anampeleka bibi harusi mjini. Njia yote Bibi alikuwa ameshika kitu kidogo kwenye pindo la shuka, na kila mara lori liliporuka shimoni alikikaza.

Mtihani ulifanyiwa kwenye ukumbi karibu na soko. Watahiniwa walikuwa wameketi kwenye mabenchi, kila mmoja na mtu wake, kila mmoja na karai na birika. Shangazi alikuwa peke yake mwishoni, karai mapajani. Mbele yake aliketi kinyozi mmoja wa sokoni aitwaye Mutembei, mtu wa maneno, aliyekuja na ndugu yake mwenye upara.

"Mama wa Kampala," Mutembei alikuwa anamwambia, "wewe umeleta ngozi ya nani? Au utajiosha mwenyewe kama paka?"

"Na wewe utanyoa nini hapo?" shangazi alimjibu akionyesha ule upara, na benchi zima likacheka. Lakini nilimwona mikono yake. Ilikuwa imelishika karai kama karai lenyewe litakimbia.

Ndipo akatuona mlangoni. Alisimama. Karai lilianguka likazunguka sakafuni kwa kelele nyingi, na hakuliangalia. "Mawe," alisema. Kwa Kihaya ni 'mama yangu'. Kabla hajafika mlangoni, jina lake likaitwa.

Mtahini alikuwa Bwana Rutashobya, Mhaya kama sisi, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni. Hakuwa mkali kama bwana wa Nyanga. Aliuliza kwa upole, na maswali kadhaa yalikuwa yaleyale, hata nikaona midomo yangu inajibu. Choa kikoje, na upele ukoje? Utamkataa mteja gani umpeleke hospitali? Kwa nini taulo moja haifuti nyuso mbili? Shangazi alijibu yote, ila kila baada ya jibu alitupa jicho kwenye kiti ambapo Bibi alikuwa ameketishwa, kama mtu anayehakikisha kwamba mzigo wake haujaibwa. Kisha Bwana Rutashobya akasema aanze kazi ya mikono.

Shangazi aliosha. Kucha, vidole, viganja, mpaka viwiko, kwa brashi, kwa sabuni, kwa maji ya kumiminiwa. Akainua mikono ikauke. Akageuka, akasimama mbele ya mama yake.

Bibi alikuwa amefungua pindo la shuka. Ndani mlikuwa na kifurushi cha jani kavu la mgomba, na ndani ya jani mlikuwa na akamwani, ile kahawa yetu iliyochemshwa na kukaushwa ya kutafuna. Alichukua punje moja, akaipasua kwa kucha. Nusu aliitia mdomoni mwake. Nusu ya pili aliiweka kiganjani, akanyosha mkono.

"Tutafune kwanza, mwanangu," alisema kwa Kihaya. "Hatujasalimiana."

Kwetu mtu hasalimiwi kwa maneno peke yake. Anayetoa kahawa huanza kutafuna yeye, ili ionekane kwamba haina ubaya. Punje ya kahawa ina pande mbili zilizolala pamoja ndani ya ganda moja. Anayepokea upande wa pili amesema kwamba lililokuwa kati yenu limekwisha. Asiyepokea amesema kwamba anakuogopa, na hilo halihitaji kusemwa mara mbili. Bibi hakuwa amempa shangazi kahawa tangu aliporudi kwa meli. Na sasa mkono wake ulikuwa umenyoshwa mbele ya watu.

Shangazi alikuwa amesimama na mikono juu, maji yakimchuruzika kuelekea viwikoni. Bwana Rutashobya aliinamisha macho kwenye karatasi yake. Yeye alijua kahawa ile ni nini kama tulivyojua sote. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko mtu anayesoma.

"Mtahiniwa," alisema hatimaye kwa Kiswahili, taratibu, "mikono imekwisha kuoshwa."

Nilitamani aseme lingine. Nilitamani shangazi apanue mdomo kama mtoto awekewe. Lakini mdomoni pia kulikuwa na sharti, na alilijua kuliko mtu yeyote humo ndani.

"Mawe," alisema, "ningoje kidogo. Nimalize kwanza."

Bibi aliangalia kiganja chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. Hakukunja uso. Aliifunga ile nusu ya punje kwenye jani, akalirudisha jani kwenye pindo, akafunga fundo, akasukuma miguu yake mbele.

Shangazi aliuosha uso wa mama yake. Kutoka chini kwenda juu, polepole, kitambaa kipya kwa kila jicho. Kisha akapiga magoti kwenye miguu. Visigino vya Bibi vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Shangazi aliviloweka, akavisugua, akafuatilia kila ufa kwa ncha ya kidole, akapata funza mmoja chini ya kucha, akamtoa mzima na mfuko wake wa mayai.

"Inauma?" aliuliza.

"Haiumi."

"Na hapa?"

"Hapo panauma. Tangu masika."

"Usitembee bila kandambili kwenye kinyesi cha ng'ombe."

"Kandambili za nini mimi."

Hayo ndiyo waliyosemezana. Nilisikiliza kila neno, kwa maana sikuwahi kuwasikia wakisema mengi kiasi hicho.

Alifaulu. Bwana Rutashobya aliijaza leseni palepale, akapiga mhuri, akampa kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwafanyia wengine. Mutembei alishindwa. Kwenye swali la wembe alisema vizuri kabisa kwamba huchemshwa, lakini alipoanza kazi, akaupuliza kwa mdomo kuondoa nywele, kama anavyofanya siku zote, na nywele zenyewe hazikuwapo. Aliondoka akimlaumu ndugu yake kwa upara.

Nje, lori la Ta Mwijage lilikuwa limekwisha kupakuliwa na lilikuwa linapiga honi. Shangazi alipiga magoti barabarani mbele ya Bibi, kama wanawake wa kwetu wanavyosalimu, akanyosha viganja vyote viwili.

"Mawe, sasa nipe."

Bibi alimtazama. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa kuoshwa, ukaonekana mdogo, na nikaona jinsi walivyofanana.

"Nimekuelewa, mwanangu," alisema. "Nilimsikia yule bwana. Sikasiriki." Aligusa lile fundo, akaliacha. "Lakini mkono ulionyoshwa ukirudi, umerudi. Siwezi kuunyosha mara mbili siku moja. Hata ningetaka."

"Basi siku nyingine?"

"Izigo iko palepale," alisema Bibi.

Ta Mwijage alimpandisha mbele. Alikwea vizuri kuliko asubuhi, bila kuchechemea. Sikujua kama maneno yake ya mwisho yalikuwa ya kualika au ya kufunga, na nilipomwuliza shangazi, alisema na yeye hajui. Tulisimama mpaka vumbi likatulia.

Shule ilikuwa inafunguliwa kesho yake, kwa hiyo nilikuwa nalala Nyanga. Tulitembea kupitia sokoni. Shangazi alikuwa ameishika leseni mbele yake kwa ncha za vidole, isikunjike, na nilielewa kwamba anamtafuta mtu wa kumwonyesha. Mke wa karani wa posta alikuwa upande wa pili wa barabara, akaingia dukani. Tulimkuta mwanamke mmoja tusiyemjua, ameketi na mikungu yake, mtoto mgongoni. Shangazi akamsalimu, akamwonyesha. Yule mwanamke aliipokea karatasi kichwa chini miguu juu, akaikagua kwa uangalifu.

"Karatasi nzuri, waitu," alisema, akimwita mtu wa kwao. "Ina mhuri. Ya nini?"

"Inasema nina mikono safi."

Yule mwanamke aliangalia karatasi, akaangalia mikono. Kisha akamfungua mtoto mgongoni.

"Basi nishikie huyu," alisema, "nifunge mkungu wangu vizuri."

Shangazi alinipa leseni, akampokea mtoto. Alimshika kama wanavyoshikwa, kiganja nyuma ya shingo, akainama kumchunguza nyuma ya masikio, ambako vipele vya joto huanza kuota. Mwanamke alifunga mkungu, kamba ikakatika, akatafuta nyingine. Shangazi hakumharakisha. Mtoto alimshika kidole akakitia mdomoni, na shangazi akamwachia. Kisha mkungu ukafungika, mtoto akarudi mgongoni, yule mwanamke akasema asante akaenda zake upande wa ziwani, nasi tukashika njia ya Nyanga.